Mama Niliyekabidhiwa Getini

Kwenye mlango wa lori nililoendesha palikuwa na kibandiko chekundu: ABIRIA HAWARUHUSIWI. Kilibandikwa na mtu yuleyule aliyenifundisha kubeba abiria. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Garissa wakinisikia nikinung'unika hudhani nina ugomvi na kibandiko. Sina. Kibandiko hakijanikosea kitu. Ugomvi wangu ni na mkono uliokibandika.

Mimi si mzaliwa wa huku. Natoka Witu. Nilivuka daraja la Tana kuingia Garissa nikiwa na leseni mpya mfukoni na begi moja, nikidhani nitakaa mwaka. Nikaoa hapa, nikajenga hapa, ndevu zikaota mvi hapa, na Kisomali changu mpaka leo ni cha kuombea maji na kufukuzia mbuzi waliolala barabarani. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa ikipeleka unga, sukari na mafuta ya kupikia Wajir, Mandera na vijiji vya katikati. Siku ya kwanza walinikabidhi kwa dereva mzoefu ili anifundishe njia. Alikuwa mtu wa Griftu, mrefu, mpole wa sauti, na kila p kinywani mwake iligeuka b, kama kwa wenzake wengi. Mimi aliniita Bwani, kwa kuwa nilitoka huko bwani, na jina hilo likanikaa mpaka wapishi wa hoteli za njiani wakaniitia chai kwalo.

Huyo ndiye aliyekuja kuwa meneja wangu. Lakini wakati huo alikuwa dereva tu, na mimi nilimpenda kama ndugu.

Safari yetu ya tatu tulikuwa tunakwenda Rhamu. Kwenye kituo kimoja akawapakia wanaume wawili na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, sote tukabanana kebini. Nikamuuliza kama kampuni inaruhusu. Alicheka bila kunitazama.

"Wewe nafikiri sisi ndio nabeba hawa," alisema. "Ngoja tu. Bado taona nani nabeba nani."

Saa nane mchana lori likazama kwenye mchanga mpaka ekseli. Wale wanaume wakavua viatu, wakachimba kwa mikono na kwa sufuria yetu ya chai, wakakata matawi ya miiba wakayatandika mbele ya magurudumu. Yule mama aliitazama miti kidogo, akaondoka kwa miguu na mtoto wake mgongoni, na baada ya saa moja na nusu akarudi na mzee mmoja na ngamia aliyebeba mitungi ya maji. Sisi wenye lori na leseni tulikuwa tumebakiwa na nusu chupa. Tulitoka pale kabla ya jua kuzama, na tangu siku ile sikuuliza tena kuhusu kubeba watu. Niliona kwa macho yangu kwamba kwenye njia ile dereva aliye peke yake ni mtu anayetafuta kufa.

Alinifundisha na adabu zake. Huku mzee, mgonjwa au mtoto hapandi lori kiholela. Anayemsafirisha humleta mwenyewe mpaka mlangoni, huuchukua mkono wa msafiri, huuweka ndani ya mkono wa dereva, kisha husema mbele ya waliopo, waa ammaano. Ni amana. Dereva hujibu kwamba amana ameipokea. Kabla ya jibu hilo hakuna kilichopita baina yenu. Ukishalitoa, mtu huyo yu juu ya shingo yako. Humshushi mpaka umwone mtu wake amekuja kumpokea, na kama hakuja, unamtafutia nyumba ya watu unaowajua na unangoja. Haiandikwi popote. Ukitoa kalamu wakati huo, umemtukana aliyekukabidhi, maana umemwambia kwamba neno lake halikutoshi.

Nimekaa nikawaza mara nyingi kuhusu hiyo kalamu.

Sitaki kujifanya kwamba kanuni ya kampuni ilikuwa ya kipuuzi. Niliwahi kupita mahali lori la watu wengine lilipopinduka mbele ya Modogashe, likiwa limebeba watu juu ya magunia. Nilishuka kusaidia. Sitasimulia nilichokiona, ila nitasema kwamba viatu vilikuwa vingi kuliko watu waliosimama. Tangu siku hiyo sikumruhusu mtu kukaa juu ya mzigo wangu, hata aniombe vipi, na kuna waliosema nimeota pembe. Kwa hiyo kampuni ilipopiga marufuku abiria wote, juu na ndani, mimi kwa habari ya juu nilikubali kwa moyo wote. Kwa habari ya kebini nilinyamaza.

Rafiki yangu alikuwa ameshapandishwa cheo. Alipewa ofisi, feni, na rundo la vibandiko. Alitukusanya uwanjani akatusomea kanuni mpya, akazunguka lori baada ya lori akibandika kwa mkono wake, na alipofika kwangu akanikonyeza. Ikaja na fomu. Kila safari, kabla ya geti kufunguliwa, dereva aliweka sahihi chini ya maneno kwamba atawajibika yeye binafsi kwa mtu yeyote atakayepatikana ndani ya gari. Binafsi. Neno hilo lilipigiwa mstari. Maana yake ni kwamba kampuni ilikuwa imenawa mikono kabla hata hatujala.

Lakini geti lilikuwa la meneja, na yeye mwenyewe ndiye aliyelifungua. Leo atakuja na sheikh mgonjwa wa kwenda Habaswein. Kesho atakuja na mwalimu aliyehamishiwa Rhamu ambaye basi limemwacha. Humleta mpaka mlangoni, mkono ndani ya mkono, waa ammaano, nami naitikia. Hakuwahi kuniamuru, na wala hakuwa na haja. Na niseme ukweli wangu hata kama unaniumbua: nilifurahi. Nilijiona nimeaminiwa kuliko madereva wengine. Nilijiambia kwamba cheo hakikumbadilisha, kwamba chini ya ile suruali ya ofisi bado kulikuwa na yule mtu wa njia ya Rhamu.

Mwaka huo mvua za deyr, zile za mwisho wa mwaka, zilizidi. Mabasi ya kwenda upande wa Griftu yalisimama. Asubuhi moja, baada tu ya alfajiri, nilikuwa nimeshafunga turubai nikingoja geti, meneja akaja na fomu mkono mmoja na mkono wa pili amemshika mama mzee. Nilimjua yule mama. Alikuwa habaryar wake, mama yake mdogo, ndugu wa mama aliyemzaa. Mama mzazi alifariki yeye akiwa mchanga, na huyu ndiye aliyemlea kwa maziwa ya mbuzi wake. Alikuwa Garissa wiki mbili, ametolewa mtoto wa jicho macho yote mawili, na sasa alitaka kurudi Griftu kwa sababu mbuzi jike wake mmoja alikuwa karibu kuzaa na hakumwamini mtu mwingine yeyote kumzalisha.

Nikaweka sahihi kwenye fomu. Meneja akaikunja akaitia mfukoni, kisha kwa mkono uleule akauchukua mkono wa mama akauweka ndani ya wangu.

"Bwani, huyu ndio mama yangu," alisema. "Waa ammaano."

"Amana nimeipokea," nikasema.

Askari wa geti alikuwepo, amesimama hatua tatu kutoka hapo, akinywa chai. Meneja akambeba mama akamweka kitini, akafunga begi lake nyuma ya kiti kwa kamba, akanipa kichupa cha dawa ya macho na kunieleza ni matone mangapi na saa ngapi. Ndipo geti likafunguliwa.

Alikuwa msafiri mzuri, yule mama. Aliniita wiil, yaani kijana, mimi mwenye wajukuu wawili. Kila alichokiona kwa macho yake mapya alikitaja. Mti. Twiga. Mwanamke mwenye ndoo ya manjano. Alikuwa ameishi miaka kadhaa bila kuona rangi vizuri na sasa alizifurahia moja moja, nami nikajikuta naendesha taratibu ili asikose kitu.

Adhuhuri ilipoingia nikasimamisha lori kando ya lami, tukiwa tumeshaipita Modogashe. Tukatawadha kwa maji ya dumu, mimi nikasali upande mmoja wa gari na yeye upande wa pili. Kisha ikawa saa ya matone. Alijaribu mwenyewe, dawa ikamwagikia shavuni. Akanipa kichupa. Nikasita, maana si mama yangu na huku watu wana mipaka yao. Akanicheka na kusema kwamba yeye ni mzee, kwamba hakuna malaika atakayesumbuka kuandika jambo hilo. Nikamtia matone, jicho la kulia, jicho la kushoto, akakaa amefumba macho huku akiniombea dua. Tulikaa pale dakika thelathini na kitu. Nakumbuka kwa sababu baadaye nilionyeshwa.

Tulipoiacha lami baada ya Wajir, barabara ikawa tope. Saa kumi alasiri tukafika kwenye lagha, bonde la mto mkavu ambalo siku hiyo halikuwa kavu. Maji yalikuwa yakitiririka, mekundu, si mengi sana. Kanuni ya kampuni inasema lagha ikitiririka, ngoja. Ni kanuni nzuri. Nilingoja kama saa nzima, maji yakashuka, nikavua viatu nikaingia na fimbo kupima, yakanifika chini ya magoti. Ningeweza kungoja zaidi. Hakuna aliyenilazimisha, mama alikuwa akihesabu ndege. Nilivuka kwa sababu nilikuwa nimevuka mara nyingi. Karibu na ng'ambo ardhi ikabomoka chini ya gurudumu la kushoto la mbele, lori likaegemea, likaendelea kuegemea polepole, likalala ubavu.

Hilo ni langu. Sijawahi kumpa mtu mwingine. Kama kampuni ingeniita ikaniambia, wewe uliingia kwenye maji yanayotembea ukiwa na mali yetu, nenda zako, ningekwenda kimya na ningekula jeuri yangu.

Mama aliangukia mlango. Nyonga ilivunjika. Hakulia, alishika shati langu akawa anataja jina la Mungu kwa sauti ya chini, tena na tena. Nilimtoa kupitia kioo cha mbele nikambeba mgongoni mpaka mahali pakavu, na alikuwa mwepesi hata nikaogopa. Watu wa Griftu wakaja na pikapu wakampeleka hospitali ya Wajir, nami nikaenda naye nyuma ya pikapu, nimemshikia kichwa. Huko ndiko nilikopata mtandao nikampigia meneja.

Alilia. Sitamnyima hilo. Aliniuliza kama yu hai, nikamwambia yu hai, akalia tena. Kisha sauti yake ikawa nyingine.

"Bwani, niachie mimi hii maneno," alisema. "Usiambie mtu kitu. Bolisi, kambuni, mtu wa bima, wote nyamazia. Mbaka mimi nafika."

Nikanyamaza. Polisi waliponiuliza mama alipanda wapi, nikasema nina kizunguzungu, nitaandikisha kesho. Mtu wa bima alipopiga simu sikushika. Nilidhani ananikinga. Nilidhani mwenye amana anataka kuja kusema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba mama ni wake na yeye ndiye aliyenikabidhi, na kwamba tutasimama wawili kwenye jambo hili. Siku mbili nilikaa kwenye mkeka nje ya wodi nikimngojea mtu huyo. Alikuja, akapita karibu yangu, akanigusa bega, akaingia ndani. Alikaa na mama yake muda mrefu. Alipotoka alisema kila kitu kitakuwa sawa, nirudi Garissa nikapumzike.

Wiki mbili baadaye niliitwa ofisini. Walikuwa watatu: mama mmoja wa idara ya wafanyakazi kutoka Nairobi, mtu wa bima, na meneja. Feni ilizunguka juu ya vichwa vyetu. Mama wa Nairobi alikuwa na adabu; aliniambia nieleze kwa maneno yangu. Nikaeleza. Nilisema nimekosea kuvuka lagha na nimekubali. Nikasema yule mama sikumwokota. Nilikabidhiwa getini na meneja huyu aliyekaa hapa, asubuhi hiyohiyo, baada ya kunipa fomu nitie sahihi. Nilisema nikimtazama yeye, nikingojea aitikie. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilingojea kama mtu anayengojea salamu irudishwe.

Alikuwa na karatasi mbele yake. Alisoma kwa Kiswahili cha ofisi, polepole, na kila p siku ile ilikaa mahali pake. Ndipo nilipojua kwamba amefanya mazoezi.

"Mimi nilimpatia dereva mizigo ya kampuni," alisoma. "Mtu hapana. Huyo mama nilipata habari zake baada ya ajali."

Hakusema mama yangu. Alisema huyo mama. Majina yao ya mwisho hayafanani, na watu wa Nairobi wangejuaje?

Kisha wakanionyesha ramani. Lori lilikuwa na kifaa kinachoonyesha lilipo na liliposimama, na pale baada ya Modogashe palikuwa na alama: gari limesimama dakika thelathini na tatu. Mtu wa bima akaweka kidole juu yake akauliza nilisimama kufanya nini. Nikasema kusali na kumtia mgonjwa dawa ya macho. Hata mimi niliposikia maneno hayo yakitoka nilisikia yanavyoonekana ya kutungwa. Wakasema hapo ndipo nilipompakia. Askari wa geti alikuwa ameandika kwamba asubuhi ile, lori likitoka, alikuwa msikitini na hakuona kitu. Nikaulizwa kwa nini sikusema habari hizi kwa polisi siku ile, nikajibu kwamba ni kwa sababu huyu aliniambia ninyamaze, na mama wa Nairobi akaandika kitu, akiwa na huruma fulani usoni, huruma ambayo mtu humpa mtoto anayeendelea kudanganya.

Halafu wakasoma maelezo ya mama mwenyewe, yaliyochukuliwa wodini na kuwekwa alama ya kidole gumba. Yalisema kwamba alikuwa amesimama kando ya barabara, akasimamisha lori, akamwomba dereva kwa jina la Mungu, na dereva akamhurumia.

Hapo nikaharibikiwa. Nilisimama nikamwita meneja mwongo, kwa sauti ya uwanjani. Nilimwambia anitazame usoni aseme hakuuweka mkono wake ndani ya wangu. Akaendelea kutazama karatasi. Nilitamani anitukane, anipige, afanye lolote la kuonyesha kwamba ananijua. Aliinua fomu niliyotia sahihi asubuhi ile, imekunjwa mara mbili kama alivyoitia mfukoni mbele yangu, akaisukuma mezani kwa mama wa Nairobi.

Nikafukuzwa kazi. Barua haikutaja lagha kabisa. Jambo nililokosea kweli, lililovunja nyonga ya mtu, halikumshughulisha mtu yeyote. Nilifukuzwa kwa kuokota abiria njiani kwa siri, na maneno hayo yalinitangulia kila yadi ya malori kati ya hapa na Mandera. Nilikwenda kampuni nne. Kila mahali walinikaribisha chai wakaniambia tutakupigia. Sasa naendesha bauza la maji la mtu binafsi, kutoka mtoni mpaka mitaa ya nyuma, nageuza palepale kila siku. Kifaa cha ramani halina.

Lakini kazi si kitu kilichoniuma zaidi. Mjini walisema Bwani alimdanganya bibi kizee kipofu akampakia, kisha akamtumbukiza mtoni. Madereva wenzangu walijua meneja alivyokuwa akitukabidhi watu. Kila mmoja wao alikuwa ameshapokea amana pale getini. Niliwaomba mmoja mmoja waseme. Wakaniambia wana watoto. Mimi pia nina watoto, niliwaambia, na baada ya hapo niliacha kupita hoteli yetu ya chai.

Karibu na Ramadhani mama anayeuza maziwa ya ngamia mtaani kwetu aliniletea ujumbe kwamba kuna mama mzee anataka kuniona, nyumbani kwa meneja, na kwamba meneja yuko kazini. Mke wangu alinikataza. Nilikwenda nikiwa na hasira yangu yote, nimeipanga njiani, nikijua neno la kwanza na la pili nitakalosema.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha chini, mguu umenyooka, amepungua mpaka mikunjo ya shuka ilikuwa minene kuliko yeye. Macho yalikuwa mazima. Alinitazama muda mrefu, na nikaelewa kwamba tangu atolewe mtoto wa jicho ananiona vizuri, kila unywele mweupe. Akaniita wiil. Yale maneno niliyoyapanga yakanitoka kichwani.

Alisema kwa Kiswahili chake kidogo, na nitakayoyaandika ni yale niliyoyaelewa bila shaka. Mtoto wake alimjia wodini na karatasi. Alimwambia kwamba akisema kweli, kazi itapotea, na nyumba hii itapotea, na watoto hawa watarudi Griftu kuchunga. Akaweka kidole. Tangu hapo akisali anahisi sala haipandi.

"Mimi nakula haki yako," alisema. "Nisamehe kabla nakufa."

Nilimsamehe. Haikunigharimu chochote. Nilikuwa nimeshika kichwa chake nyuma ya pikapu saa nzima. Nitamchukiaje mtu niliyemshika hivyo? Nilimwambia nimemsamehe duniani na akhera, akafumba macho, akavuta pumzi, nami nikadhani yamekwisha. Nikainuka niage.

Akautoa mkono wake ndani ya shuka akanyoosha. Nikaushika. Akaugeuza wangu kiganja juu, kama vile mtoto wake alivyofanya getini, akaweka wa kwake ndani, na akakitikisa kidogo kichwa kuelekea mlangoni, kuelekea ofisini kule aliko mtoto wake.

"Mimi naenda. Yeye tabaki na dhambi, beke yake," alisema. "Huyo mtoto wangu, nabatia wewe. Waa ammaano."

Nilisimama pale. Mkono wake ulikuwa na joto la homa. Nje watoto wa meneja walikuwa wakigombania baiskeli, na mke wake akawanyamazisha, nadhani ili asikie. Mama akanitazama kwa yale macho niliyoyatia dawa, akingoja jibu, maana yeye anajua kuliko mimi kwamba bila jibu hakuna kilichopita.

Nilikaa chini tena. Nikaushika ule mkono mpaka usingizi ukamchukua, na neno lile la kupokea sikulisema.